Mrija wa Kwanza

Kitambi cha mume wangu kililetwa na wakimbizi. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu. Watu wale waliingia Ngara na watoto mgongoni na sufuria kichwani, na hakuna aliyekuja kwa kupenda. Ila ukweli ndio huo. Kabla hawajaja, Fideli alikuwa mwanamume mkavu wa kijiji chetu cha Kirushya kama wenzake. Analima mwenyewe, anakata migomba mwenyewe, anakanyaga ndizi mbivu kwa miguu yake mpaka maji yake yatoke. Walipokuja, kila asubuhi tuliwakuta vijana wenye nguvu wamesimama uani wakiomba kibarua cha jembe, ujira wao mkungu wa ndizi na maharage kidogo ya kupeleka kambini. Fideli akaweka jembe chini. Kazi yake ikawa kuonja rubisi kama imeiva, na kuisindikiza pombe hiyo ya ndizi kambini, ambako watu waliinywa wakakumbuka kwao. Haukupita muda mrefu mkanda ukakataa kufika, akawa anafunga suruali kwa kamba ya katani.

Na mimi nilikipenda kile kitambi, kwa nini niseme uongo? Mke wa mwanamume mwenye tumbo haulizwi kama amekula. Kanisani walimpisha kwenye benchi, vijana wakamwita Bosi, naye akajifunza kutembea taratibu kama mtu anayebeba kitu cha kuvunjika.

Sisimizi ndio waliotuambia kwanza. Fideli alikuwa na tabia ya kujisaidia haja ndogo nyuma ya banda la kuivishia ndizi, tabia ambayo nimeigombeza tangu siku ya harusi yetu bila faida. Siku hizo alikuwa anakwenda huko kila mara, kisha anarudi kunywa maji, mtungi mzima kwa mchana mmoja, na bado anasema koo limekauka. Asubuhi moja nilikwenda kuchukua kuni nikakuta pale mahali pake pamejaa sisimizi, wamepanga msafara kama wamealikwa. Mama yangu mzazi alikuwa akisema kwamba mkojo unaopendwa na sisimizi una jambo. Nikamwambia Fideli twende tukapime. Akasema sisimizi wa mwaka huu wana njaa tu. Nilimfuata na maneno yangu mpaka akachoka, akavaa koti.

Tulikwenda kwenye zahanati iliyofunguliwa pembeni mwa kambi kwa ajili ya wakimbizi, ambako sisi wenyeji pia hatukufukuzwa. Daktari wake alikuwa Bigirimana, Mrundi aliyekimbilia Tanzania akiwa mtoto, katika vita vya zamani, akasomea huku. Hilo lilitufaa, maana Kirundi na Kihangaza chetu ni ndugu, na mtu akiambiwa ugonjwa wake kwa lugha ya nyumbani hapati pa kujificha. Alimchoma Fideli kidole, akatazama kidude chake cha kupimia damu, akavuta stuli akakaa karibu nasi kabisa.

"Mzee Fideli, una kisukari," alisema. "Lakini tumekikamata mapema. Kuna njia mbili. Ya kwanza, urudi kwenye jembe, ndizi na viazi vipungue sahanini, rubisi uache, huo mwili ushuke. Ukifanya hivyo kwa moyo, huenda sukari ikashuka bila dawa yoyote. Ya pili ni vidonge, kila siku, na ukivianza usitegemee kuviacha kesho. Hata ukimeza vidonge, chakula bado lazima ukichunge. Mimi ningeanza na jembe. Ila mwili ni wako, chagua."

Chagua. Neno hilo nimelifikiria sana tangu siku ile.

Njia nzima ya kurudi tulibishana. Fideli alitaka vidonge. Alisema mtu wa Kirushya kuambiwa apunguze ndizi ni sawa na samaki kuambiwa apunguze maji, na kwamba kidonge ni kitu cha kumeza mara moja ukaendelea na maisha yako. Mimi nilitaka jembe, kwa sababu jiko ni langu na nilijua huko naweza kumchunga. Vidonge angevisahau mfukoni. Tulipofika kwenye kivuko cha mto mdogo akasimama ghafla. Nikamuuliza ni nini. Akasema amefikiria watakaomwona akimeza dawa kila siku.

Hapo nilielewa bila kuambiwa zaidi. Sisi wa mkoa huu tulikuwa tumezika watu wengi miaka hiyo, na wote walikuwa wameanza vilevile: wakapungua, wakawa na dawa za kuficha, wakaacha kuja kilabuni. Ukimwi hatukuutaja kwa jina. Tulisema fulani "anaumwa", tukatazama chini. Mwenye kumeza vidonge kila siku alikuwa ameshahukumiwa, na nyumba yake pamoja naye. Fideli akasema basi, jembe. Nilifurahi. Niliona nimeshinda.

Akawaambia vijana wa kibarua wasije tena, akaingia shambani mwenyewe. Siku za kwanza alirudi akitembea kama kuku aliyenyeshewa, mikono imechubuka, hana hata nguvu ya kunigombeza. Mimi nikachukua madaraka jikoni. Ndizi zikawa chache, maharage na mchicha vikajaa sahani, viazi vitamu nikavipeleka kwa jirani kabla hajaviona. Alikula akinitazama kama mimi ndiye niliyekitengeneza hicho kisukari. Rubisi aliendelea kutengeneza, maana ndiyo iliyotuvisha, lakini ya kuonja nilionja mimi, na wateja hawakulalamika. Binti yetu Kalista alimtania babake kwamba sasa amepata mpishi wa jeshi. Fideli akamjibu kwamba jeshini angalau kuna likizo.

Na ilifanya kazi. Hilo ndilo linaloniuma. Kiu iliisha, macho yakaacha kumtia ukungu, sisimizi wakahama. Tuliporudi zahanati baada ya kiangazi, Bigirimana alipima, akapima tena, akasimama akampa Fideli mkono. Alisema sukari imebaki juu kidogo tu, tuendelee hivyohivyo. Suruali ilikuwa inamning'inia. Daktari aliiona ile suruali akacheka kwa furaha, nasi tukacheka naye.

Tulikuwa watu watatu tu tunaocheka wilaya nzima.

Jirani yangu Justina alinishika bega kisimani, akauacha mkono wake palepale, kama tunavyoshikana msibani.

"Pore sana, Mama Karista," alisema.

Nikamuuliza pole ya nini. Akasema ya shemeji yake, na kwamba Mungu yupo. Nikamwambia shemeji yake mzima, analima, anakula. Akanitazama kwa huruma iliyonifanya nitamani kumpiga kwa ndoo. Kuanzia hapo nikaona mengine. Kanisani benchi la Fideli lilianza kuwa na nafasi, watu wakijibana upande wa pili. Kilabuni alipopita kusalimia hawakumnyooshea mrija, nao wakati huo walikuwa hawajui kwamba ameacha. Yeye alisema ni vizuri, wanamsaidia kutii daktari. Lakini alikaa muda mrefu nyuma ya banda akinoa panga lililokuwa tayari kali.

Haya yote ningeyabeba kama siyo Kalista. Binti yangu alikuwa amechelewa kuolewa. Kambi zilipokuja wasichana wa rika lake walipata wachumba harakaharaka, yeye akabaki kunisaidia pombe, mpaka alipokutana na Frednand, kijana wa Bisibo, kule Biharamulo, mlinzi kwenye ghala la chakula la kambi. Frednand alikuwa mpole na mwenye haya. Alikuja kununua rubisi ambayo hakuinywa, akajikalia, akaondoka, akarudi. Babake, mzee Bulugu, alikuwa amekwisha kumtuma mshenga, na kikao cha mahari kilikuwa kinapangwa. Na sote tulisikia kwamba wakimbizi watarudishwa kwao. Kambi ikifungwa, ghala linafungwa, na mlinzi wa ghala anakwenda kutafuta kazi mbali, Geita kwenye dhahabu au wapi huko. Ndoa ilikuwa ifungwe mapema au isifungwe.

Mshenga alikuwa Matiasi, katekista wetu, rafiki wa Fideli tangu ujana. Alikuja jioni moja akakataa kukaa. Alizunguka sana kwa maneno, akataja mvua, akataja bei ya chumvi, mwisho akasema mzee Bulugu amesikia habari huko Biharamulo. Mzee anaomba kikao kisubiri kwanza, mpaka baba wa binti apate nafuu. Fideli akauliza nafuu ya nini. Matiasi akaanza kuvuta kofia yake mikononi. Niliwaza kwamba Kalista anasikia kule nyuma ya ukuta wa jiko, na kweli, mchi aliokuwa anatwangia ulinyamaza na haukuanza tena siku ile.

Alipoondoka nilisema tuwaambie ukweli. Tumwite Bulugu, tuseme ni kisukari, basi. Fideli alinitazama kwa uchovu. Aliniuliza, nikishasema kisukari, Bulugu ataniuliza kimetoka kwa nani katika ukoo wetu, na kitakwenda kwa wajukuu wangapi, nami nitamjibu nini? Tena kila nyumba yenye mgonjwa wa ule ugonjwa mwingine husema ni kitu kingine: malaria sugu, tumbo, kurogwa. Sisi tutakuwa wa kisukari.  Nilitafuta jibu usiku na mchana, na mpaka leo sijalipata.

Tukarudi kwa Bigirimana kuomba vidonge. Alishangaa. Alisema anayepanda mlima vizuri haombi kubebwa. Fideli akajisingizia mgongo, lakini mimi nilikuwa nimechoka na mambo ya kuficha, nikamweleza daktari yote: Justina, benchi la kanisani, Bulugu, Kalista. Nikamwambia mume wangu anahitaji kunenepa kabla ya kikao, na kama atakula tena kama zamani, basi afadhali ale akiwa na dawa.

 Bigirimana akajitolea kufika nyumbani kwetu yeye mwenyewe, amweleze mzee Bulugu. Fideli akakataa kwa mikono yote miwili. Gari la daktari wa kambi likisimama mlangoni kwetu, huo ndio utakuwa ushahidi uliokuwa unasubiriwa.

"Damu yako naweza kuipima," daktari alisema mwishowe. "Macho ya watu siwezi kuyatibu. Vidonge nitakupa. Sikiliza, na wewe mama sikiliza. Kimoja, asubuhi, ukiwa umekula. Usizidishe hata siku moja. Usimeze ukiwa na njaa. Pombe usiguse. Ukimwona anatoka jasho, anatetemeka, anaongea ovyo, hiyo si sukari nyingi, ni sukari imekwisha. Mtilie sukari mdomoni upesi."

Tulirudi na vidonge nimevifunga kwenye pindo la kanga. Nilivificha ndani ya kibuyu cha mbegu za maharage, mahali ambapo hata Justina asingefikiri kupekua. Na nikaanza kumnenepesha mume wangu. Nilimpikia ndizi kwa mawese, viazi, uji wenye sukari, kila nilichomnyima nikamrudishia kwa mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa napika nikilia, na nikisema ni moshi. Mashavu yalirudi, kamba ya katani ikarudi. Matiasi alikuja, akamtazama kwa pembeni kama mnunuzi wa ng'ombe, akaondoka anapiga mluzi. Kiu nayo ilirudi. Nilimsikia usiku akipapasa mtungi, tukajifanya kila mmoja kwamba mwenzake amelala.

Siku ya kikao ikapangwa.

Sasa, kwetu mkwe akija, mazungumzo hayafunguliwi kwa maneno. Mtungi unawekwa katikati, na mwenye nyumba anavuta mrija wa kwanza mbele ya macho yote, kisha anampa mgeni mrija uleule. Hapo amesema mambo mawili bila kufungua mdomo: kwamba hakuna sumu, na kwamba mate yetu ni ya ukoo mmoja. Miaka ile ya wageni wengi watu waliogopa sumu kupita kawaida, na hakuna aliyekunywa mahali ambapo mwenyewe hajatangulia. Tena mwenye nyumba hali kitu kabla wageni hawajala. Kumkaribisha mtu na huku wewe umeshiba ni dharau. Mambo haya nimeyajua tangu utoto. Niliyajua moja moja. Sikuwahi kuyaweka pamoja na vile vidonge.

Wageni walikuwa wameshaonekana njiani, mzee Bulugu mbele na fimbo yake, Frednand nyuma na shati jeupe, na ndugu zao. Kalista alikuwa amefungiwa chumbani, amepakwa mafuta, amefunikwa kanga, kwa sababu bibi harusi haonekani mpaka aitwe. Fideli alipita karibu nami kwenda kuwapokea. Alikuwa na furaha, alikuwa amependeza. Akaniinamia sikioni.

"Usiwe na wasiwasi na mtungi," aliniambia. "Asubuhi nimemeza vinne. Rubisi ikiingia itakuta dawa imekwisha kufika."

Nikamuuliza kama amekula. Akasema mimi nimeona wapi mwenye nyumba anakula. Akaenda zake, amenyoosha mikono, anawakaribisha wageni.

Vinne, na tumbo tupu. Kumwita sikuweza, wanaume walikuwa wameshakaa duara na mimi nafasi yangu ilikuwa jikoni. Kumpelekea chakula mbele ya wageni wenye njaa, hapana. Nilichukua kikombe, nikatia sukari na maji, nikakoroga, nikasimama mlangoni nikikishika kwa mikono miwili. Nilimwomba Mama Maria aharakishe maneno ya Matiasi. Lakini Matiasi siku hiyo alikuwa na kanzu mpya na hakuwa na haraka.

Mwisho mtungi uliwekwa. Fideli akapiga magoti kwa adabu, akavuta mrija, akavuta sana ili waone, akameza. Akaufuta mrija kwa kiganja na kumkabidhi mzee Bulugu. Bulugu aliupokea kwa mikono miwili. Alitaka kwanza kusema maneno ya shukrani, na ni mtu wa maneno. Alisema juu ya njia ndefu kutoka Bisibo, juu ya mvua, juu ya vijana wa siku hizi. Niliona jasho linamchuruzika Fideli shingoni, na siku haikuwa ya joto. Akamjibu Bulugu kitu. Matiasi akageuka kumtazama, maana alikuwa anamjibu kuhusu mbuzi, na hakuna aliyetaja mbuzi. Mikono ikaanza kutetemeka. Mrija ulikuwa haujagusa midomo ya Bulugu bado pale mume wangu alipoanguka kifudifudi kando ya mtungi.

Hakuna aliyepiga kelele. Mtu mmoja alisema "sumu" kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja jina la mtu anayemfahamu.

Nilikimbia na kikombe changu. Matiasi akanikamata. Alikuwa analia, alimpenda Fideli kuliko ndugu zake, na alinishika kwa nguvu zote kwa sababu ya upendo huo. Alisema nisimpe kitu chochote kutoka nyumba hii, atafutwe ng'ombe akamuliwe, maziwa ndiyo yanaua sumu. Nikasema ni kisukari. Nikasema amemeza dawa na hajala. Nilisema kwa Kiswahili, nikasema kwa Kihangaza, nikasema mpaka sauti ikakwama. Kikombe kilinitoka mkononi, maji ya sukari yakaingia mchangani. Wanaume wawili walikuwa wananishika, na mume wangu alikuwa anakoroma kwa namna ambayo sijawahi kuisikia.

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. Kalista alitoka bila kanga kichwani, na mafuta yake yote, na shanga zake, mbele ya wakwe ambao hawakupaswa kumwona. Mkononi alikuwa ameshika konzi ya sukari. Watu wakampisha kwa mshangao. Alikaa chini mavumbini, akaweka kichwa cha babake mapajani, akampaka sukari ndani ya mashavu kwa kidole, taratibu, akachota tena, akampaka tena, akimwita baba, baba. Hakumtazama mtu yeyote. Tulisubiri hivyo. Fideli akafungua macho, akauliza kama wageni wamekwisha kula.

Nadhani ningeweza kucheka, siku nyingine.

Mzee Bulugu hakuwa mtu mbaya, na hilo naomba lieleweke. Alisubiri mpaka Fideli akae. Ndipo akauweka ule mrija chini, kwa upole, kando ya mtungi.

"Mama, huenda ni kama unavyosema," aliniambia. "Lakini mtungi uliomwangusha mwenyewe, mimi siwezi kuwanywesha watu wangu."

Nikauokota mrija. Nikapiga magoti palepale, mwanamke, mbele ya wakwe, nikavuta. Nilivuta mpaka pumzi ikakatika, rubisi ikanitoka puani, nikavuta tena. Nilitaka wanione. Nilipoinua kichwa walikuwa wameshafika kwenye migomba ya njiani, mashati yao yanapotea moja moja. Hakuna aliyesubiri kuona kama nitaanguka. Frednand alikuwa wa mwisho. Aligeuka mara moja, akamtazama Kalista aliyekuwa bado chini na sukari vidoleni, kisha akamfuata babake.

Tulimlisha Fideli uji wa sukari mpaka giza likaingia, kwa kuwa kila tukimwacha alirudi kutetemeka. Kalista ndiye aliyeshika kijiko. Babake alimwomba msamaha kila alipopata nguvu ya kuongea, na yeye kila mara alimwambia afungue mdomo.

Mwezi wa Desemba wakimbizi wakaondoka. Barabara ilijaa watu kama ilivyojaa siku walipokuja, sufuria zilezile kichwani, na wengi hawakutaka kwenda kama ambavyo hawakutaka kuja. Ghala likafungwa. Frednand alikwenda, sijui wapi. Zahanati ikang'olewa, mabati yakapakiwa kwenye malori. Nilifika siku ya mwisho nikamkuta Bigirimana anafunga maboksi. Alinipa vidonge vilivyokuwa vimebaki, akaniambia hospitali ya kupima sasa ni mbali, safari ya lori, akaeleza tena chakula na jembe. Nilimwambia tunajua. Tulikuwa tunajua kila kitu.

Rubisi yetu haikupata mnywaji. Kambini hakuna mtu, na kijijini nani anywe kwenye mtungi wa Fideli? Tuliimwaga chini ya migomba. Vidonge viliisha, naye hakuomba vingine. Amerudi kwenye jembe, anakula maharage na mchicha bila kunung'unika, amekonda kuliko mara ya kwanza. Siku hizi hakuna wa kumficha, hakuna anayekuja. Angeweza kuanza hivi tangu mwanzo asiache, na sasa ameanza, ila hatujui kama inatosha. Hakuna wa kumchoma kidole. Juzi aliniuliza kama shamba la ng'ambo lina ukungu, nikasema ndiyo, ukungu mwingi. Jua lilikuwa linawaka.

Kipimo tulichobaki nacho ni sisimizi. Kila asubuhi, kabla hajaamka, mimi huzunguka nyuma ya banda la ndizi kwenda kuangalia pale mahali pake. Wiki nzima nilikuta pasafi, nikaanza kuamini. Nilianza hata kuimba nikiwasha moto.

Leo nimewahi kuliko kawaida. Nimemkuta Kalista ameinama kule nyuma ya banda, ana majivu ya jikoni kwenye ungo, anawamwagia sisimizi kisha anasawazisha kwa mguu ili pasafike kabla mimi sijafika. Hakuniona. Nimerudi jikoni nikawasha moto, na alipoingia akaniamkia shikamoo mama, nikamwitikia marahaba, nikaendelea kuimba.